Dubu Wangu Arudishiwe Heshima Yake

Kambi ya wiki hii, Korongo la Sufuria
Jumatatu, kama sijakosea

Kwa Dk. Nedra Pickett,
Mkurugenzi, Kituo cha Tiba ya Nyikani cha Jiwe Refu,
Utah.

Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye pia ni mpwa wangu,

YAH: MWANAFUNZI CORWIN APELEKWE SHULE YA KUFULI, NA DUBU WANGU ARUDISHIWE HESHIMA YAKE

Nakuandikia kwa masikitiko na kwa penseli. Kalamu zote za wino amezichukua Tamsin, kiongozi wetu wa zamu, baada ya Nacho kujichora nge kwenye goti. Karatasi nilizopata ni hizi za orodha ya chakula, kwa hiyo ukigeuza nyuma utakuta mchele, dengu na siagi ya karanga. Tafadhali usivichanganye na malalamiko.

Ijumaa kamati yako inakaa kumjadili Corwin. Umenipa karatasi mbili nichague moja na kutia sahihi, maana mimi ndiye mkufunzi niliyetembea naye wiki tisa. Karatasi nyeupe inasema amepona, arudi Connecticut kwa mama yake. Ya manjano inasema bado, aende miaka miwili kwenye ile shule ya Montana ambako vijiko huhesabiwa kila baada ya mlo na madirisha hufunguka kiasi cha kiganja. Umesema sahihi yangu ina uzito kuliko ya mtu mwingine yeyote. Hapo umesema kweli. Sahihi yangu ni ya manjano, na sababu zake ni hizi zifuatazo.

Kwanza, kwa faida ya wanakamati wasionijua, mimi ni Thayne Ostler, umri miaka hamsini na saba, ndugu wa mama yako. Niliacha shule darasa la nane, si kwa ujinga, ila mwalimu aliishiwa. Miaka kumi na mmoja nimewatembeza vijana wakorofi katika nyika hii na sijapoteza hata mmoja, isipokuwa yule wa Ohio, naye alipatikana akiwa mnene kuliko alivyopotea. Nimewahi kwenda kwa miguu hadi mpaka wa Nevada kwa tufaha moja, na nusu yake nikarudi nayo. Nyoka wa huku wakinisikia nakohoa huhama na watoto wao. Wewe mwenyewe, Nedra, ukiwa na miaka saba, ni nani aliyekufundisha kupekecha moto kwa upinde na kijiti? Ni mjomba wako.

Na zaidi ya yote, mimi ndiye mtu aliyepigana na dubu. Toleo rasmi ni hili: miaka kumi na minne iliyopita, asubuhi na mapema, katika korongo hilihili, dubu alitoka vichakani akanijia, nikampiga kwa kikaango, naye akanipiga nyonga, ndiyo sababu nachechemea hadi leo. Mwanangu Dallin, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikuwepo. Basi. Hadithi nzima ni hiyo, na miaka yote imesimama imara kama nguzo ya umeme, mpaka alipoletwa Corwin.

LALAMIKO LA KWANZA: KURUDIWARUDIWA

Wewe ndiye uliyeleta ile kanuni kwamba mtu akisema jambo mbele ya kundi, msikilizaji hana budi alirudie neno kwa neno kabla ya kujibu, ili ijulikane amesikia. "Ninachosikia ukisema ni kwamba..." Ni kanuni nzuri kwa watoto. Imepunguza ngumi. Lakini hukufikiria itawafanya nini wasimuliaji. Hadithi ni kama uji, Nedra. Hunywewa ikiwa moto, haimwagwi kwenye sahani ikapimwe.

Jumanne ya wiki ya tatu niliwasimulia vijana habari za dubu, kama ninavyowasimulia wote. Corwin akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa adabu kabisa, "Ninachosikia ukisema, Anko, ni kwamba dubu alikuwa na ratili mia tatu, akakupiga kwa mkono wa kulia, nawe ukampiga kwa kikaango." Nikasema naam, mtoto ana masikio.

Ijumaa, kwa ombi la mgeni aliyejiunga, nikaisimulia tena. Corwin akainua mkono. "Ninachosikia ukisema, Anko, ni kwamba sasa dubu ana ratili mia tisa, anatumia mkono wa kushoto, na kikaango kimekuwa kiatu."

Nacho (huyu ni Ignacio wa Texas, yule mwenye nge) akadakia, "Labda amekula tangu Jumanne."

Niliwaeleza kwa upole kwamba dubu ni kiumbe hai na kiumbe hai hukua. Nikajibiwa na watu watano kwa pamoja, kama kwaya: "Tunachosikia ukisema, Anko, ni kwamba dubu ambaye hujamwona miaka kumi na minne bado ananenepa."

Nauliza: hiyo ndiyo tiba?

LALAMIKO LA PILI: DAFTARI

Kila mwanafunzi ana daftari la kuandikia hisia zake. Sisi wakufunzi haturuhusiwi kusoma. Sikusoma. La Corwin lilifunguka lenyewe nikiwa nimelishika.

Mtoto amechora jedwali. Kalipigia mistari kwa ukingo wa sahani. Safu ya kwanza ni siku, ya pili uzito wa dubu, ya tatu mkono alioutumia, ya nne silaha yangu. Hapo kuna kikaango, kiatu, kitabu cha nyimbo, na siku moja "macho tu". Siku ile nilikuwa na homa. Ya mwisho ameiandika: "Dallin alikuwa wapi?" Na chini yake: hemani. Juu ya mti. Amekwenda kuchota maji. Hakutajwa. Hakutajwa. Hakutajwa.

Nikamwita kando. Nikamwambia, "Kijana, hiyo safu ya mwisho inakuhusu nini?"

Akasema, "Inanishangaza tu, Anko. Dubu anakua kila siku, lakini mwanao anapungua."

Nimefundisha vijana wakorofi miaka kumi na mmoja. Nimetukanwa kwa lugha nne, nimetupiwa sufuria ya dengu, nimeng'atwa. Hakuna aliyewahi kuniambia neno baya kama hilo.

LALAMIKO LA TATU: KUITA JINA

Kamati inajua, lakini naandika ili ibaki kwenye faili. Kijana akienda kujisaidia nyuma ya kichaka, hatumfuati, maana ni binadamu. Anachotakiwa ni kuita jina lake kwa sauti, tena na tena, mpaka arudi. Tukilisikia jina, tunajua yupo. Akinyamaza, ametoroka, tunavaa viatu. Hii ndiyo sheria kongwe kuliko zote hapa, na nyika nzima asubuhi hulia majina ya watu kama mnada wa mbuzi.

Sasa sikiliza. Wiki ya tano, tukiwa tumekaa duara, Tamsin akaniuliza kwa nia njema, "Mzee Thayne, na huyo mwanao yuko wapi siku hizi?" Mara nikabanwa. Nikainuka nikaenda nyuma ya mti wa mreteni. Wiki ya sita Nacho akauliza kama Dallin naye anafanya kazi ya nyikani. Nikabanwa tena. Wiki ya saba mtu alitaja tu mji wa Dallin wa Hatcher Springs, kwamba una duka zuri la donati, nikabanwa kwa kishindo.

Corwin akaomba kusema. Akatumia fomu yenu ile ya hisia, yote, bila kuruka kipengele: "Ninajisikia wasiwasi, pale Anko anapokwenda kichakani kila akitajwa mwanawe, kwa sababu mimi nilikuwa nikienda chooni kila nikiulizwa habari za baba. Ninachoomba ni kwamba na yeye awe anaita jina."

Wakapiga kura. Watano kwa sifuri. Tamsin alijizuia kupiga kura na alijizuia kucheka, na hilo la pili hakuliweza vizuri.

Tangu siku hiyo, Mheshimiwa, mimi, mtu mzima, mwenye shamba, niliyewahi kupeana mikono na gavana au mtu aliyefanana naye sana, nachuchumaa nyuma ya mti nikipiga kelele "Thayne! Thayne! Thayne!" Na nikivuta pumzi kidogo tu nasikia Nacho anaita, "Anko, bado upo? Au tuvae viatu?"

Kwa faida ya kamati nieleze basi kisa cha mimi na Dallin, wasije wakadhani nilimfanyia ubaya. Miaka minne iliyopita alioa. Sherehe ilikuwa ukumbi wa kanisa, chini ya lile goli la mpira wa kikapu, na mapambo yamefungwa kwenye nyavu. Wewe ulikuwepo, Nedra, umeshika sahani ya viazi vya msibani, ambavyo kwetu hata harusini huliwa. Wakwe wetu kutoka Idaho wakaniomba nizungumze. Nikawapa dubu. Ningewapa nini kingine? Watu mia mbili wametulia, wakwe wameacha vijiko hewani, na hapo mwanangu mwenyewe, bwana harusi, akiwa anacheka, akasema maneno manne. Sitayaandika. Ukumbi ukaangua kicheko hadi jeli ya kijani ikatetemeka mezani. Mkwe wa Idaho alilazimika kupigwa mgongoni.

Nikatoka. Njiani nikapita meza ya zawadi nikachukua blenda yangu niliyowaletea. Sijasema naye tangu siku ile. Ana binti sasa, wa miaka miwili, mama yako ameniambia anaitwa Wren. Sijamwona. Lakini hilo si lalamiko, nimelitaja kwa taarifa.

LALAMIKO LA NNE: MOTO

Wiki iliyopita ilinyesha siku tatu mfululizo. Sheria yetu ni kwamba bila kaa lililopekechwa kwa mikono hakuna chakula cha moto. Kiberiti ni cha dharura tu. Nilikuwa nimewaambia vijana kwamba mimi hupekecha kaa kwa sekunde nane, kwenye theluji, nimefumba macho. Nilisema hivyo kwa nia ya kuwatia moyo.

Nilianza baada ya chakula cha mchana. Kwanza ikakatika kamba ya upinde. Halafu kikavunjika kijiti. Halafu nyonga yangu ikasema nayo imechoka. Vijana wamekaa chini ya turubai, kila mmoja na bakuli la dengu zilizolowekwa kwenye maji baridi, wananitazama kama watu wanaongoja basi wasilokuwa na uhakika nalo.

Corwin akaja akapiga magoti kando yangu. "Pumzika, Anko, nikushikie kidogo."

Huyu ni mtoto aliyekuja hapa hajui kufunga kamba za viatu. Dakika mbili, Nedra. Moshi, kisha unga mweusi, kisha kaa jekundu kama jicho la jogoo. Akaliweka ndani ya kiota cha magome, akakitia mikononi mwangu, akasimama akawapigia wenzake kelele: "Jamani! Anko kauwasha!"

Wakashangilia. Nacho aliruka akamwaga dengu zake. Nami nikapuliza, ningefanyaje, kaa haliwezi kungoja mtu afikirie.

Lalamiko langu hapa lina vifungu vitatu. (a) Mtoto huyu yuko hapa kutibiwa uongo, akadanganya mbele ya mashahidi watano. (b) Hakuna hata mmoja aliyesema "ninachosikia ukisema ni kwamba". Kanuni yenu hulala usingizi ikiwa ni kwa faida yangu. (c) Dengu zilipoiva zilikuwa tamu, na zangu nikampa Nacho.

Baadaye nilimfuata alipokuwa akiosha sufuria kwa mchanga. Nikamwambia wazi, "Mimi si mtu wa kuazimwa moto."

Akasema, "Ninachosikia ukisema, Anko, ni asante."

LALAMIKO LA TANO

Nililiandika, nikalifuta. Lilihusu blenda.

LALAMIKO LA SITA: BARUA YA MAMA YAKE, NA KUULIZWA MASWALI YASIYO NA MIPAKA

Kamati inakumbuka kwa nini Corwin yuko hapa. Kwa miaka mitatu aliwaambia shuleni kwamba baba yake ni nahodha wa nyambizi, yuko chini ya barafu ya kaskazini, hawezi kupiga simu. Alijiandikia barua kutoka kwake, akazichovya kwenye maji ya chumvi ili zinuke bahari. Mwishowe walimu wakamwalika nahodha aje azungumze na darasa. Asubuhi ya siku hiyo Corwin alichukua gari la mama yake "kwenda kumpokea", na gari likaishia kwenye bwawa la bata la manispaa. Baba mwenyewe huuza madirisha ya nyumba. Ana familia nyingine. Hapigi simu, na hakuna barafu.

Ndiyo maana mtoto huyu ana pua. Aliniambia siku moja tukikusanya kuni, "Anko, mimi uongo nimeufuga mwenyewe, nimeulisha, najua unavyonuka ukiwa na njaa." Nikamwambia akusanye kuni.

Jumamosi barua za wazazi zilifika, na kama desturi kila kijana akasoma yake kwa sauti. Mama yake Corwin ameandika: "Nirudishie mwanangu ambaye akisema mvua inanyesha, sitahitaji kwenda dirishani." Alisoma bila kutikisika. Halafu akairudia, maana hakuna wa kumrudishia mama yake isipokuwa yeye: "Ninachosikia mama akisema ni kwamba ananitaka, ila anaogopa."

 

Kisha akanigeukia mimi! Katikati ya mambo yake mwenyewe! "Anko, Dallin anaishi mbali?"

"Mbali sana."

"Kiasi gani?"

"Dakika arobaini," nikasema. "Kama hakuna ng'ombe barabarani."

Nilingoja aandike kwenye daftari. Hakuandika. Akasema, "Baba yangu naye. Dakika arobaini."

Wengine wakaanza kutazama viatu vyao. Akaendelea, "Utampigia lini?"

Hapo nikashukuru kwamba kazi yetu ina sheria. Hatuwaambii vijana mambo yajayo, si saa, si umbali uliobaki, si chakula cha jioni, si siku ya kurudi nyumbani. Wakiuliza tuna jibu moja, na nimelitumia mara elfu kumi. Nikamjibu, "Hizo ni habari za mbele."

Akatikisa kichwa. "Hapana, Anko. Hizo ni habari za nyuma."

Nikabanwa. Nikaenda kwenye mreteni. Niliita jina langu kwa muda mrefu kuliko shughuli yenyewe ilivyohitaji.

HITIMISHO NA MAOMBI

Mheshimiwa, mambo haya si madogo, nifuatilie hatua kwa hatua. Dubu akiondoka, nyonga yangu haina sababu. Nyonga isipokuwa na sababu, mimi ni mtu anayechechemea bure. Mtu anayechechemea bure hawezi kuongoza vijana nyikani. Kile kikaratasi chako cha matangazo kinasema mkufunzi wenu mkuu ana "uzoefu wa muda mrefu na wanyama". Kikaratasi kitakuwa kimedanganya, wazazi watawachukua watoto wao, kituo kitafungwa, nawe utarudi kuishi kwa mama yako, katika kile chumba chenye cherehani. Yote hayo kwa sababu ya mtoto mmoja na jedwali.

Isitoshe, wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hadithi yangu ina miaka kumi na minne na bado inatembea. Njia ndefu namna hiyo inawezaje kuwa ya mwongo? Hilo kamati ilijibu kama inaweza.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu:

Moja, Corwin apelekwe Montana, kwenye kufuli, hadi ajifunze kuheshimu simulizi za wakubwa. Karatasi ya manjano yenye sahihi yangu imo ndani ya bahasha hii.

Mbili, kanuni ya kurudiarudia isitumike kwa mkufunzi yeyote aliyezidi miaka hamsini.

Tatu, dubu aingizwe kwenye kumbukumbu za kituo kwa ratili mia sita, ambayo ni katikati, na mtu asimguse tena.

Nne, mtu mzima aruhusiwe kwenda kichakani kimyakimya.

Nisalimie dada yangu Vonda, mwambie bawaba ya mlango wake nitaitengeneza kabla ya theluji, na safari hii si maneno. Msalimu mumeo, msalimu askofu na umkumbushe sijasahau viti vyake alivyoniazima. Wasalimie akina mama wa stoo wanaofunga dengu, ila wapunguze dengu. Nyumbu mzee wa mizigo msugue masikio kwa niaba yangu. Ukimwona Dallin usimpe salamu zangu. Ila kama utakuwa umeshampa kabla ya kupata barua hii, basi, yaliyopita yamepita.

Wako katika kazi, na katika ukoo upande wa mama,

Thayne R. Ostler
Mkufunzi wa Nyikani, Kundi la Tatu

Nyongeza. Jumatano asubuhi, gari la chakula limefika, dereva anapiga honi.

Sina karatasi nyingine, kwa hiyo siwezi kuiandika upya barua hii. Ukiisoma anzia hapa.

Karatasi iliyomo kwenye bahasha ni nyeupe. Itazame vizuri, sahihi ni yangu, na nimeongeza mstari chini yake: "Akisema mvua inanyesha, chukueni mwavuli." Ya manjano jana jioni ndiyo iliyokuwa karatasi kavu pekee kambini, na vijana walikuwa na njaa. Najua sheria inakataza kuwashia moto karatasi. Niandikie onyo, nitalitia sahihi.

Jingine. Alikuwa ndama. Ndama wa mzee Leavitt, mwekundu, wa miezi minane. Nilikuwa nimechuchumaa, suruali magotini, akanijia kwa nyuma akanipiga teke la nyonga. Kikaango hakikuwepo. Hayo ndiyo maneno manne ya Dallin harusini: "Baba, alikuwa ndama tu."

Lakini hata hayo si mwisho wake, Nedra, na hili hata wewe hulijui. Sikuweza kusimama. Mtoto wa miaka kumi na miwili alinivuta suruali juu, akaniweka begani, akanitembeza maili tatu hadi kwenye gari. Alilia njia nzima lakini hakunitua. Nikamwambia asimwambie mtu. Hakusema miaka kumi. Siku aliyosema ni siku aliyokuwa na furaha kuliko zote, na nadhani alidhani tumefika mahali pa kucheka pamoja.

Leo asubuhi nimeisimulia kwenye duara, kwa sentensi chache. Corwin akairudia kama kawaida yake. Aliacha ndama, akaacha suruali. Alisema, "Ninachosikia ukisema, Anko, ni kwamba Dallin ndiye aliyekubeba."

Hakuna aliyecheka, ila Nacho aliuliza ndama alikuwa na uzito gani. Nikasema ratili mia nne. Wakanitazama. Nikasema mia tatu. Wakazidi kunitazama. Basi ni mia mbili na nusu, naapa, usiandike zaidi ya hapo.

Corwin sijamwambia habari za Ijumaa. Hizo ni za mbele na sheria ni sheria. Lakini viatu vyake vimechanika kisigino, nimemwambia asihangaike kuvishona, na nadhani ameelewa, kwa sababu amekwenda kichakani na hajarudi kwa muda, anaita jina lake na sauti inakatikakatika.

Kesho zamu yangu inaisha. Blenda iko chini ya kitanda, sijafungua boksi. Nitaipeleka Hatcher Springs mwenyewe. Sijui kama watafungua mlango, na sitagonga kwa nguvu. Nitasimama tu pale getini nikiita jina langu, tena na tena, ili walio ndani wajue sijatoroka.

T.R.O.